Gari linapokula faida ya mayai: Pima presha ya mafuta kabla ya kununua pampu

Mfugaji mmoja wa kuku wa mayai wa Mlandizi, mkoani Pwani, alikuwa amebakiza siku chache tu apunguze chakula cha kuku wake aliponiletea daftari la mahesabu nilitazame. Uamuzi alikuwa ameshaufanya. Faida ya kila trei ilikuwa inashuka mwezi hadi mwezi na, kama wafugaji wengi wanavyofanya, lawama zote alikuwa amezibebesha bei ya chakula.

Daftari lilikuwa linasema jambo jingine. Ni kweli chakula kilikuwa kimepanda bei, lakini bei ya trei nayo ilikuwa imepanda karibu sawasawa, kwa hiyo hapo hasara haikuwa kubwa. Mstari uliokuwa umekimbia peke yake, bila kufuatana na mwingine wowote, ni ule wa petroli.

Mama huyu, ambaye sitamtaja jina, hupeleka mayai yake na ya wafugaji wenzake wawili jijini Dar es Salaam mara mbili kwa wiki. Gari lake ni Toyota Corolla Wagon ya mwaka 1994, injini ya 5A. Hulaza viti vya nyuma na kupanga trei 100. Kwenda, kuwazungukia wateja na kurudi nyumbani ni kama kilomita 120. Kwa miaka mitatu safari hiyo ilikuwa inamaliza lita 10. Katika miezi minne ya mwisho ilikuwa inamaliza lita 15.

Tuchukue petroli kwa Sh3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Lita 10 ni Sh30,000, na zikigawanywa kwa trei 100, kila trei inabeba Sh300 ya mafuta. Lita 15 ni Sh45,000, yaani Sh450 kwa trei. Faida yake kwa trei, baada ya chakula, dawa, vijana wa kazi na ushuru wa soko, ilikuwa kama Sh700. Sh150 ya ziada kwa trei si fedha ya kupuuza. Ni zaidi ya moja ya tano ya faida inayotokea kwenye bomba la moshi.

Kwa wiki nne ni Sh120,000.

Alikuwa anataka kuifidia kwa kupunguza chakula. Kuku wa mayai anakula kama gramu 110 hadi 120 kwa siku, na ukimpunguzia hapo hakuonei huruma, anapunguza kutaga. Angejikuta na mayai machache, ndani ya gari lilelile linalokunywa lita zilezile 15, na gharama ya mafuta kwa kila trei ingezidi kupanda.

Gari lilikuwa limeshapelekwa kwa mafundi, tena mara mbili. Gereji ya kwanza ilibadilisha plagi zote nne kwa sababu zilikuwa nyeusi kama mkaa. Baada ya wiki mbili zikawa nyeusi tena. Gereji ya pili ikasema pampu ya mafuta imechoka, ikafunga nyingine, na pamoja na ufundi zikamtoka Sh190,000. Ulaji wa mafuta haukubadilika hata kidogo. Fundi huyo huyo wa pili akamshauri abadilishe nozeli zote, na zikishindikana atafute injini nyingine ya mtumba.

Mafundi wote wawili hawakupima chochote. Sisemi hivyo kwa kuwadharau. Ninasema kwa sababu anayelipia kubahatisha ni mwenye gari: fundi akikosea analipwa ufundi, na akikosea tena analipwa tena.

Kilichokuwa kimeharibika ni kifaa kidogo kinachoitwa regulata ya mafuta. Ni kikopo cha chuma, kikubwa kidogo kuliko kizibo cha soda, kilichofungwa kwa boliti mbili.

Kazi yake ndani ya injini

Katika magari ya petroli yenye nozeli na kompyuta, maarufu kama EFI, pampu iliyo ndani ya tanki husukuma mafuta mengi kuliko injini inavyohitaji. Mafuta hayo yanafika kwenye bomba la chuma lililoshikilia nozeli, ambalo mafundi huliita reli. Kompyuta huamua kila nozeli ifunguke kwa muda gani, muda unaohesabika kwa sehemu ya elfu ya sekunde.

Kompyuta ya magari hayo ya zamani haioni presha ya mafuta. Inaamini tu kwamba presha iko sawa, kisha inapanga muda. Presha ikiwa juu, katika muda uleule yatapita mafuta mengi zaidi. Ikiwa chini, yatapita machache.

Kuiweka presha sawa ndiyo kazi ya regulata. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira. Upande mmoja kuna mafuta, upande wa pili kuna springi. Presha ikizidi nguvu ya springi, kiwambo kinainuka na mafuta ya ziada yanapita kurudi tankini kwa mpira wake. Upande wa springi umeunganishwa kwa mpira mwembamba na manifoldi, pale injini inapovuta hewa. Injini ikiwa inaunguruma taratibu, mvuto wa hewa ni mkubwa, kiwambo kinavutwa na presha inashuka kidogo. Ukikanyaga mafuta kupanda mlima, mvuto unapungua na presha inapanda. Kwa namna hiyo tofauti kati ya presha ya nyuma ya nozeli na ile ya mbele yake inabaki ileile wakati wote.

Mpira ule mwembamba unastahili kuangaliwa wa kwanza kabisa. Ukipasuka au ukichomoka, presha inakaa juu hata gari likiwa limesimama kwenye foleni ya Kimara, na dalili zake hufanana kabisa na za regulata mbovu. Kuubadilisha ni bei ya soda chache. Nimewahi kuona gari ambalo fundi aliuziba mpira huo kwa msumari kwa sababu hakujua unaenda wapi.

Kuhusu ukubwa wa hasara, ipo kanuni ya fizikia yenye faida hapa. Mafuta yanayopita kwenye nozeli hayaongezeki sawa na presha, bali sawa na kipeuo cha pili cha presha. Presha ikipanda kutoka 40 hadi 60, yaani nusu zaidi, mafuta huongezeka kwa takriban asilimia 22. Sensa ya ekzosi, kama bado ni nzima, itajitahidi kuiambia kompyuta ipunguze muda wa nozeli, lakini ina mipaka yake. Magari mengi ya umri huu sensa hiyo ilishakufa, au ilikatwa pamoja na masega.

Dalili za aina tatu

Regulata inaharibika kwa njia tatu, na kila moja ina sura yake.

Ya kwanza ni kukwama ikiwa imefunga. Mafuta hayarudi tankini, presha inapanda, gari linatoa moshi mweusi, plagi zinakuwa na masizi makavu na harufu ya petroli inajaa nyuma ya gari.

Ya pili ni springi kuchoka au kiti cha kiwambo kuingia uchafu, kikabaki wazi. Mafuta yanarudi tankini kupita kiasi na presha inashuka. Gari linakuwa zito mlimani, linashtuka ukikanyaga ghafla, na asubuhi unapiga stata muda mrefu kabla halijawaka. Hapa ndipo pampu nzima nyingi hutupwa, maana pampu iliyochoka nayo ina dalili hizohizo.

Ya tatu ni kiwambo kutoboka. Hii ndiyo iliyompata mama wa Mlandizi, na ndiyo yenye gharama kubwa zaidi. Petroli inapenya kwenye tundu, inaingia katika ule mpira mwembamba na kumiminika moja kwa moja ndani ya manifoldi. Kompyuta haina habari nayo kwa sababu haikupita kwenye nozeli. Gari linakuwa na milango miwili ya kunywea, na mmoja hauna mlinzi.

Alikuwa na dalili moja aliyoizoea kiasi cha kuacha kuisema. Akisimama kwa mteja wa kwanza, akazima gari na kushusha trei, baada ya dakika 15 au 20 gari lilikuwa gumu kuwaka. Mpaka akanyage mafuta hadi chini huku akipiga stata, ndipo liwake kwa kukohoa na moshi mweusi. Asubuhi likiwa la baridi liliwaka vizuri tu. Mafuta yalikuwa yanachuruzika ndani ya manifoldi wakati wa mapumziko, na injini ya moto iliyojaa petroli haiwaki kwa urahisi.

Kipimo cha bure

Nilimpeleka kwa mzee mmoja anayetengeneza magari chini ya mwembe, mtu ninayemfahamu siku nyingi. Aliuliza maswali mawili tu, la moshi na la kuwaka likiwa la moto. Akafungua boneti, akachomoa kijiti cha oili na kukinusa, kisha akampa mama naye anuse. Oili ilikuwa na harufu ya petroli, nyepesi kama maji, na kiwango chake kilikuwa kimepanda juu ya alama. Oili inayoongezeka yenyewe si baraka. Ni petroli iliyoteremka kupitia ringi za pistoni.

Baada ya hapo akawasha injini, akaiacha iungurume, akachomoa mpira mwembamba juu ya regulata. Tone la petroli likadondoka. Likafuata la pili.

Kazi hiyo ilichukua dakika tano na hakudai hela. Mpira huo unapaswa kuwa mkavu. Ukiwa umelowa petroli, ndani au kwenye kichuchu cha regulata, kiwambo kimetoboka na hakuna ubishi tena. Hakirekebishwi, hakigundishwi. Mwenye gari yeyote anaweza kufanya kipimo hiki mwenyewe, mradi asivute sigara na mikono yake isiguse feni wala mikanda.

Hata hivyo, mpira kuwa mkavu hauthibitishi kwamba regulata ni nzima. Unaondoa tu aina ile ya tatu. Kwa zile mbili za mwanzo kunahitajika geji.

Kipimo cha geji

Geji ya presha ya mafuta si kifaa cha ajabu, na fundi anayeshughulika na EFI anapaswa kuwa nayo. Kama hana, afadhali umpe nauli akaazime kuliko kumpa hela ya pampu. Toyota nyingi za miaka ya mwanzo ya 1990 hazina tundu maalumu la kupimia. Fundi hufungua boliti yenye tundu kwenye chujio la mafuta au kwenye reli na kufunga kiungio cha geji hapo, huku akiweka washa mpya pande zote mbili.

Vipimo vya Corolla ya 5A na ndugu yake 4A ni hivi, kwa PSI, kipimo kilekile cha upepo wa matairi. Injini ikiwa inaunguruma na mpira mwembamba umechomolewa na kuzibwa, geji isome kati ya 38 na 44. Ukirudisha mpira, isome kati ya 30 na 37. Kinachotafutwa hapa si namba peke yake. Ni lazima presha ibadilike unapochomoa na kurudisha mpira. Ikigoma kutikisika, ama regulata imekwama au mpira wenyewe hauna mvuto. Weka kidole kwenye ncha ya mpira. Kama kidole hakivutwi, umeziba au umepasuka mahali.

Halafu zima injini na usubiri dakika tano. Presha isishuke chini ya 21.

Geji ikisoma juu kupita kiasi, usikimbilie dukani. Chomoa mpira wa kurudisha mafuta kwenye regulata, funga kipande kingine cha mpira pale na ukiingize kwenye kidumu kilichowekwa mbali na injini. Washa kwa muda mfupi. Presha ikirudi kawaida, regulata haina kosa. Tatizo ni njia ya kurudia tankini iliyobanwa. Kwa barabara zetu za vijijini hili si jambo geni: bomba hilo hupita chini ya gari, na jiwe moja au jeki iliyowekwa vibaya inatosha kulibonyeza.

Geji ikisoma chini, fundi anabana mpira wa kurudisha mafuta taratibu kwa koleo iliyozungushiwa kitambaa, kwa sekunde chache tu. Presha ikiruka juu mara moja, pampu ina nguvu na regulata ndiyo inayovujisha. Ikibaki palepale, angalia chujio na nyavu ya pampu tankini kabla ya kuihukumu pampu yenyewe. Anayenunua petroli kwenye vidumu na chupa za maji vijijini ajue kwamba chujio lake linajaa mapema. Kubana kusizidi sekunde hizo, kwa sababu pampu inaweza kupandisha presha hadi mara mbili ya kawaida na mpira wa miaka 30 hauna subira hiyo.

Presha ikishuka haraka baada ya kuzima, wenye makosa wanaweza kuwa watatu, na wanatenganishwa kwa njia hiyohiyo. Mara tu unapozima, bana mpira wa kurudi. Ikishikilia, ni regulata. Kama haikushikilia, rudia na ubane ule wa kuleta mafuta. Ikishikilia sasa, ni vali ndogo ndani ya pampu. Isiposhikilia kwa njia zote mbili, kuna nozeli inayodondosha.

Kwa gari la mama, geji ilisoma 40 mpira ukiwa umechomolewa. Kwa namba hiyo peke yake mtu angesema regulata ni nzima. Tone la petroli ndilo lililosema ukweli, na ndiyo sababu mzee yule huanza na mpira kabla ya geji.

Kununua

Regulata mpya yenye jina la kiwanda inapatikana, lakini bei yake humfanya mtu mwenye gari la 1994 akune kichwa. Wengi wanaangukia ya mtumba, iliyotolewa kwenye injini za Japan. Sioni ubaya, mradi ipimwe kabla ya hela kutoka mfukoni.

Namba za Toyota za kifaa hiki huanza na 23280, kisha hufuata tarakimu nyingine zinazotofautisha injini na injini. Usikubali kuambiwa zote ni moja kwa sababu boliti zinaingia. Springi zinatofautiana, na ukifunga ya injini nyingine unaweza kutoka kwenye tatizo la mafuta mengi ukaingia kwenye la mafuta machache. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi.

Kupima kiwambo cha ya mtumba hakuhitaji mtambo. Wafugaji tunayo mabomba ya sindano ya chanjo. Chukua jipya la mililita 20, lisilo na sindano, lifunge kwa kipande cha mpira kwenye kichuchu chembamba cha juu, kisha vuta bomba na ulishikilie. Ukiachia likarudi ndani lenyewe, kiwambo kinashika hewa. Likikaa ulipoliacha, hewa inapita na kifaa hicho kirudishe kwenye meza. Wauzaji wengine hununa wakiona hivyo. Waache wanune.

Kipimo hicho hakikuambii kama springi ina nguvu. Kwa hilo patana na muuzaji kwamba ukifunga na geji ikakataa, utairudisha. Andikeni kwenye risiti.

Mama alipata ya mtumba kwa Sh35,000.

Kufunga bila kuunguza gari

Ufundi wenyewe hauzidi saa moja. Sehemu ya hatari ni kwamba ndani ya reli kuna petroli yenye presha hata gari likiwa limezimwa, na ukilegeza boliti itaruka. Gereji zetu nyingi ziko jirani na mama lishe na jiko lake la mkaa. Sogeza gari au subiri jiko lizimwe. Weka ndoo ya mchanga au kizimamoto karibu. Injini iwe imepoa.

Kwanza, fungua kifuniko cha tanki presha itoke. Chomoa waya wa pampu, kisha washa gari liungurume mpaka lijizime lenyewe, na upige stata tena mara moja. Kwa njia hii mafuta mengi ya kwenye reli yanakuwa yameisha. Ondoa waya wa hasi wa betri.

Zungushia kitambaa chini ya regulata. Chomoa mpira mwembamba, halafu ule wa kurudisha mafuta, ambao kwa umri wake mara nyingi umegandana. Usiuvute kwa nguvu. Uzungushe kwanza, na ukionekana kuchanika, badilisha palepale. Legeza boliti mbili kwa spana namba 10, chomoa regulata taratibu, na uhakikishe oringi yake imetoka nayo. Ikibaki ndani ya reli na mpya ikafungwa juu yake, patavuja, na pataungua.

Oringi iwe mpya kila mara. Usirudishe ya zamani, hata kama inaonekana nzima. Ilainishe kwa petroli safi kidogo, sukuma regulata huku unaizungusha kushoto na kulia mpaka ikae. Kama haizunguki kwa ulaini, oringi imejikunja, toa na uanze upya. Gundi ya gasketi haina kazi hapa na ikiingia kwenye mafuta itaziba nozeli. Boliti zikazwe kwa zamu, kidogo kidogo, bila kutumia nguvu za kukazia nati za tairi. Ni ndogo na zinakatika.

Ukisharudisha mipira, waya wa pampu na betri, usiwashe injini kwanza. Kwenye magari haya kuna kisanduku cha kupimia chini ya boneti chenye matundu yaliyoandikwa +B na FP. Fundi akiyaunganisha kwa waya na kufungua swichi, pampu inafanya kazi bila injini kuwaka. Kagua kwa macho, pua na kidole kikavu kuzunguka regulata. Pakiwa pakavu kwa dakika moja nzima, ondoa waya huo, washa injini, na urudie kipimo cha geji.

Kazi haijaisha hapo kama kiwambo kilikuwa kimetoboka. Oili iliyochanganyika na petroli ni lazima imwagwe siku hiyohiyo pamoja na chujio lake. Oili nyepesi haibebi beringi, na injini itakayokufa kwa sababu hiyo itagharimu mara nyingi zaidi ya lita nne za oili. Plagi zilizojaa masizi zisafishwe. Fyuzi iliyoandikwa EFI ichomolewe kwa nusu dakika ili kompyuta isahau kumbukumbu za zamani.

Regulata Sh35,000, ufundi na oringi Sh20,000, oili na chujio Sh60,000. Jumla ni Sh115,000. Ukilinganisha na Sh120,000 alizokuwa akipoteza kila wiki nne, fedha yake ilirudi ndani ya mwezi mmoja. Pampu ile ya Sh190,000 haikuwa na kosa lolote, na hakuna aliyekumbuka kudai ile ya zamani.

Usiilaumu regulata kwa kila lita

Gari linaweza kula mafuta kwa sababu nyingine nyingi, na zipo rahisi kuliko hii. Ya kawaida sana kwetu ni themostati iliyotolewa na fundi eti gari lisichemshe. Injini ikikosa themostati haipati joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi, na inaendelea kuongeza mafuta siku nzima. Sensa ya joto ikifa inaleta matokeo hayohayo. Chujio la hewa lililojaa vumbi, breki zinazokamata na matairi yasiyo na upepo wa kutosha navyo vina sehemu yao.

Ushauri huu pia hauhusu magari yote. Kirikuu za zamani zenye kabureta hazina kifaa hiki kwa sura hii, wala Hiace na Hilux za dizeli. Magari ya miaka ya 2000 kama IST, Vitz na Probox yana regulata ndani ya tanki pamoja na pampu, hayana ule mpira mwembamba wa kuchomoa, na presha yake ni ya juu zaidi, kati ya 44 na 50. Huko geji ndiyo inayoanza.

Kwa gari lolote lile, kinachokuonyesha mapema kwamba kuna tatizo ni daftari. Jaza tanki mpaka bomba la kituo lijikate lenyewe, andika kilomita zilizo kwenye dashibodi. Safari ijayo jaza tena kwenye kituo hichohicho mpaka likatike, gawanya kilomita ulizotembea kwa lita ulizoongeza. Kama mshale wa kilomita umekufa, na magari mengi umekufa, tumia safari unayoirudia kila wiki na uhesabu lita tu. Safari moja mbaya inaweza kuwa ni foleni. Tatu mfululizo ni ugonjwa.

Safari ya kwanza baada ya matengenezo, mama wa Mlandizi aliandika lita 11. Ya pili 10 na nusu. Kuku wake wanaendelea kula gramu zao zilezile, na pale kwenye ukurasa wa petroli ameongeza safu mpya yenye kichwa cha habari kimoja tu: lita kwa trei 100.